Mraba wa Msumari Mmoja

Mkwe wangu anafundisha hesabu kwa kinanda. Sisemi kwa mafumbo. Anacho kinanda cha plastiki cha kubebwa kwapani, kina vitufe vya ngoma na vya filimbi, na kila asubuhi anakiweka mezani kwenye darasa la tano A, anakibonyeza, na watoto wenye akili zao timamu wanaanza kuimba kwamba pembetatu ina pande tatu, ewaa, pande tatu. Wanamwita Mwalimu Kinanda, naye analipenda hilo jina. Mimi wananiita Bi Rula nikishawapa kisogo. Rula ninayo kweli, ile ndefu ya mbao ya ubaoni, na haijawahi kumgusa mtoto. Naitumia kuchora mistari na kugonga ukuta.

Ukuta wenyewe ni plaiwudi. Chumba kilikuwa kimoja, kikagawanywa kwa mbao nyembamba ambazo hazikufika hata darini, huku A, huku B, na tangu hapo kinachosemwa upande mmoja kinasikilizwa pande zote. Kwa hiyo mwaka mzima nimemsikia mkwe wangu akifundisha jometri, nipende nisipende. Yakinizidi nagonga plaiwudi, ko ko, na A nzima inakata sauti papo hapo, mwalimu wao akiwemo. Shuleni ananiita Mwalimu, nyumbani ananiita Mama, na kote kuwili hanitazami usoni, maana mkwe ni mkwe. Mimi nami nina mipaka yangu. Mkwe hagombezwi kama mwana wa kumzaa. Unalimeza neno, unatabasamu, unamuuliza kama amekula.

Mwalimu mkuu anampenda kupita kiasi. Anasema darasa lake lina uhai. Soko nalo lina uhai, na sijamwona mtu aliyetoka sokoni akijua pembe butu ni ipi. Nilimwambia hivyo siku moja kwenye chumba cha walimu, akacheka, akasema, "Mwalimu, mambo ya kisasa hayo." Debe tupu haliachi kuvuma, na siku hizi likivuma kwa umeme linaitwa la kisasa.

Mwaka ulipoanza mkwe wangu alimwendea seremala akachongewa maumbo ya mbao, akayapaka rangi, akayapigilia ukutani mbele ya darasa. Pembetatu ya kijani imekaa kitako. Mstatili wa njano umelala. Mraba mwekundu, mkubwa kama sinia, umeshikwa na misumari miwili juu, umenyooka kama mgeni aliyeambiwa asiguse kitu. Ni mazuri, siwezi kukataa. Ubaya ni kwamba hayakuwahi kushuka pale. Hakuna mtoto aliyeyashika, aliyeyageuza wala kuyapima. Yako juu, wao wako chini, wanayaimbia.

Kwangu hakuna wimbo. Kwangu kila mtoto anachana kipande cha karatasi, chochote, hata kikichanika ovyo. Anakikunja mara moja. Anakikunja tena, mkunjo juu ya mkunjo, na hapo ana kona iliyonyooka isiyodanganya mtu. Wanakitia mfukoni. Kutwa wanapima, kona ya dawati, kona ya kitabu, kona ya dirisha, kona ya ule mlango ambao fundi aliuweka akiwa na haraka ya kwenda kula. Na wanajua, bila kupigiwa filimbi, kwamba mraba ni pande nne zilizo sawa na kona nne zinazoikubali karatasi. Basi. Hakuna ewaa.

Sasa mjukuu wangu yuko A, kwa baba yake. Tunamwita Chiriku, kwa sababu akiamka anaanza kusema na akilala anamalizia. Wanakaa kwangu, yeye na wazazi wake, kwenye vyumba viwili vya nyuma, na kila alasiri yuko jikoni kwangu, ameketi sakafuni na mkate wake, ananihadithia mambo ya watu. Tangu mume wangu afariki, nyumba hii ingekuwa kimya cha kumtoa mtu roho kama si mdomo wa huyu mtoto. Nasema wazi, nikimkosa yeye sina sababu ya kufungua mlango wa jiko.

Hapo jikoni ndipo balaa lilipoanzia. Sakafu yangu ina vigae vyeupe, na fundi aliviweka mshazari, ili jicho lisione jinsi ukuta ulivyopinda. Ni ujanja wao wa siku zote. Nilikuwa namenya viazi. Nikamwambia Chiriku anihesabie miraba iliyopo kati yake na mlango, nia yangu ikiwa niupe mdomo wake kazi. Akaitazama sakafu. Kisha akanitazama mimi kwa huruma, vile watoto wanavyotutazama tukianza kusahau majina.

"Bibi, hapa hakuna mraba."

"Na hivyo vigae je?"

"Hizo almasi. Mraba unakaa. Hizi zimesimama."

"Nani kasema?"

"Baba. Hata wimbo upo." Akauimba palepale, mkate mkononi: mraba umekaa, almasi imesimama, ewaa.

Nikaweka kisu chini, maana mtu mwenye hasira hashiki kisu. Almasi ni ya sonara. Tuseme watoto wanalitumia hilo neno kwa umbo lolote lililochongoka juu, sawa, watoto ni watoto. Lakini mwalimu mzima, mwenye cheti, awatungie wimbo kwamba umbo likigeuka upande linaacha kuwa lilivyokuwa? Watoto wa watu, darasa zima, mwaka mzima?

"Chiriku," nikasema, "hebu lala hapo chini."

Akalala.

"Wewe ni nani sasa?"

"Chiriku."

"Hujawa kunguru?"

Akacheka mpaka mkate ukamtoka. Nikachana pembe ya mfuko wa unga, nikamwonyesha kukunja mara moja na kukunja tena, nikamwambia apime kigae. Akapima kona ya kwanza, akapima ya pili, akakizunguka kwa magoti. Alinyamaza. Mama yake mzazi hajawahi kuuona muujiza huo.

"Zote zinaingia, Bibi."

"Na pande?"

Akazipima kwa kidole na kipande cha uzi. "Sawa zote."

"Basi ni nini?"

"Mraba." Kisha akapunguza sauti. "Kwani Baba amekosea?"

Nikafuta mikono, nikashika njia ya vyumba vya nyuma. Siku hiyo mipaka ya ukwe ningeiweka kando, Mungu anisamehe. Lakini binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, sindano mdomoni na mkono wa gauni begani. Ni fundi cherehani, na fundi cherehani husikia kila kitu kwa sababu watu hudhani kelele ya mashine inamziba masikio.

Akatoa sindano. "Mama, naomba ukae."

"Mumeo anawafundisha watoto upuuzi."

"Najua umemkasirikia. Kaa kwanza."

Nikakaa, na akaniambia. Mwaka wa majaribio wa mumewe ulikuwa unaisha. Wiki ile ile mkaguzi angekuja kumtazama akifundisha, na somo alilolichagua mkaguzi lilikuwa maumbo. Akiridhika, mkwe wangu anathibitishwa na kubaki. Asiporidhika, wanampeleka kwenye ile shule ambayo walimu huikimbia, mwendo wa kutwa nzima, na mke angemfuata mumewe, na mtoto angemfuata mama yake.

"Ukimvuruga sasa hivi," binti yangu akasema, "ataingia pale akitetemeka, atashindwa. Wewe unajua alivyo ukimwangalia tu. Akishathibitishwa mrekebishe utakavyo, mimi mwenyewe nitakushikia rula. Lakini mpaka hapo, Mama, nakuomba usifungue mdomo."

Chiriku alikuwa bado kwenye sakafu anapima vigae. Nikamtazama. Nikaahidi. Ni kama kumeza wembe, lakini niliahidi.

Siku ya mkaguzi, mwalimu mkuu aliamuru sisi walimu wote wa hesabu tukae nyuma ya darasa la tano A ili tujifunze. Neno lake hilo. Mimi niliyefundisha tangu yeye akiwa hajui kufunga kamba za viatu, nikajifunze. Nikachukua kiti cha mwisho kabisa, karibu na plaiwudi, nikatia peremende mdomoni ili ulimi uwe na shughuli.

Mkaguzi aliingia na manukato yake. Alikuwa na tumbo la heshima, faili jeusi, na kalamu kadhaa mfukoni kana kwamba moja ikiishiwa wino nchi itasimama. Namjua vizuri. Alifundisha muda mfupi sana, na kwa jinsi alivyofundisha ulikuwa mrefu mno. Kuna watu hupandishwa cheo kwa sababu wanafaa, na kuna wanaopandishwa ili watoke darasani. Akaketi mbele, akakunja nne, akamwambia mkwe wangu aanze.

Akaanza. Alikuwa amevaa tai ambayo binti yangu aliishona kwa kipande cha gauni la mteja, na kwapa zilikuwa zimelowa kabla hajasema neno. Akabonyeza kinanda. Ngoma ikalia, filimbi ikalia, watoto wakasimama na kuanza kuimba na kupiga miguu chini. Pembetatu ina pande tatu, ewaa. Mstatili mrefu umelala, ewaa. Mkaguzi akatikisa kiatu kufuata mdundo. Mwalimu mkuu akanigeukia na kuinua nyusi, uhai huo. Nikamung'unya peremende yangu.

Tatizo la uhai ni kwamba unatikisa kuta. Walipofika kwenye mraba miguu yote ilishuka pamoja, plaiwudi ikatetemeka, ukuta wa mbele ukatetemeka, na msumari mmoja wa ule mraba mwekundu ukachomoka. Mraba ukaanguka upande mmoja, ukabembea kwenye msumari uliobaki, ukatulia. Ukawa unaning'inia kwa kona yake moja, na kona nyingine imeelekea chini.

Wimbo ukakatika. Kinanda peke yake kikaendelea na ngoma yake. Mkwe wangu akautazama ukuta kama mtu aliyedondosha kikombe cha mwenye nyumba. Ndipo watoto wakapaza sauti, wote kwa pamoja, kwa furaha ya watu wanaojua jibu:

"Almasi!"

Uso wa mkwe wangu ukafunguka. Akacheka, akashika kinanda. "Vizuri! Mraba ulikuwa umekaa. Sasa umesimama, umekuwa nini?"

"Almasi!"

Na mkaguzi, jamani, mkaguzi akaitikia kwa kichwa. "Vizuri sana," akasema, akageuka kutuangalia sisi wa nyuma. "Mnaona? Umbo limebadilika ghafla, na wanafunzi wamelitambua bila kuambiwa. Hayo ndiyo maarifa." Akafungua faili, akachagua kalamu, akaandika.

Sikuamini masikio yangu. Nilikuwa nimekaa pale nikiogopa asije akaligundua kosa. Kumbe kosa na yeye walikuwa ndugu. Nikajikaza. Nikajiambia, kaa kimya, mwanamke, mambo yameisha yenyewe, mtu anathibitishwa, Chiriku anabaki, na watoto wa A utawanyoosha baadaye mmoja mmoja kwa karatasi. Peremende ilikuwa ya tangawizi na iliniwasha koo.

Halafu Chiriku akasimama.

"Ni mraba," akasema.

Baba yake akageuka. "Kaa chini."

"Ni ule ule, Ba... Mwalimu. Ni msumari tu umetoka."

Darasa likaanza kucheka kidogo kidogo. Yeye tayari alishaanza kutembea. Akatoa karatasi ndani ya soksi, ile ya mfuko wa unga, imekunjwa mara mbili, imechakaa kwa kupima. Akavuta kiti, akapanda, akaiweka karatasi kwenye kona ya chini ya mraba. "Inaingia." Akaiweka kwenye kona ya kushoto. "Inaingia." Mkono wake haukufika ya juu, akajinyoosha kwa vidole vya miguu.

"Kaa chini," baba yake akamwambia tena, kwa sauti ya kunong'ona, na macho yake yalikuwa ya kuomba zaidi kuliko ya kuamuru. Namjua. Alikuwa anaiona ile safari ya kutwa nzima.

Mkaguzi akacheka, kicheko cha mtu aliyeshiba. "Mwacheni, mwacheni. Binti, njoo nikuulize. Kikombe ukikipindua, chai inabaki?"

"Haibaki."

"Basi kitu kikigeuzwa kinabadilika. Wenzako wote wameona ni almasi. Wewe peke yako umeona tofauti. Nani atakuwa amekosea, wao wote au wewe?"

Darasa likaangua kicheko. Chiriku akashuka kwenye kiti. Hakulia, yeye si wa kulia. Akatazama kushoto na kulia, kisha akatazama nyuma, akanitafuta mimi. Akaniona. Aliniona mimi niliyemlaza kwenye vigae na kumuuliza kama amekuwa kunguru, nimekaa kwenye kiti, mikono mapajani, namumunya peremende. Akaningoja. Nami nilikuwa nimeahidi.

Akainamisha macho, akaanza kuikunjua ile karatasi.

Nikaitafuna peremende. Nilisikia inavyopasuka, na nadhani darasa zima lilisikia. Nikainuka na rula yangu, nikapita katikati ya madawati. Mwalimu mkuu akasema, "Mwalimu, tafadhali," na mimi nikamwambia asisumbuke kusimama. Nikafika mbele. Nikaichukua karatasi mkononi mwa mjukuu wangu, nikaikunja upya, nikamrudishia.

"Shika hiyo," nikamwambia. Kisha nikamgeukia mkaguzi. "Samahani, bwana mkubwa. Unaweza kuinamisha kichwa?"

"Nini?"

"Kichwa. Kiinamishe begani hivi. Ni jambo dogo."

Watu wa aina ile wamezoea kuinamiwa, kwa hiyo hawajui la kufanya wakiambiwa wainame wao. Akainamisha. Tumbo likaenda kushoto, kichwa kikaenda kulia.

"Sasa utazame ukutani. Unaona nini?"

Akatazama. Alikaa hivyo kwa muda, shingo imepinda, na niliona lile jambo likimwingia polepole, linavyomwingia mtoto wa darasa la kwanza.

"Mraba," akasema, kwa sauti ndogo.

"Nyoosha kichwa. Sasa?"

Akazipapasa kalamu zake mfukoni.

"Na ulipoinamisha kichwa," nikamuuliza, "uliacha kuwa mkaguzi?"

Watoto walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Walicheka kwa sababu wameelewa. Kicheko cha aina hiyo nakijua kwa sauti, nimekifanyia kazi maisha yangu yote, na sikuwahi kukisikia kikitoka upande ule wa plaiwudi. Mkaguzi akafunga faili. Shingo yake ilikuwa imeiva. Mkwe wangu aliegemea meza, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu alinitazama usoni moja kwa moja. Nikayatambua niliyoyafanya.

Nyumbani, binti yangu hakunisemesha. Hakunifokea, na afadhali angefoka. Aliketi kwenye mashine yake bila kushona, kisha akaanza kukunja nguo za mtoto na kuzipanga kwenye sanduku, polepole, ili nione. "Uliniahidi," alisema mara moja tu. Nikasema ndiyo, niliahidi. Viazi vilikuwa kwenye beseni, nikavimenya vyote, hata visivyohitajika.

Tukangoja tangazo kama wagonjwa wanavyomngoja daktari. Lilipokuja, mwalimu mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango, akafungua dirisha, akafunga dirisha. Ni mtu anayependa amani kiasi kwamba haipi haki hata nafasi ya kukaa kitako.

"Mkweo amethibitishwa," akasema.

Nikashika ukingo wa meza.

"Mkaguzi amelisifu somo. Amesema ni ubunifu." Akakohoa. "Wewe, Mwalimu, umehamishwa. Wanasema uzoefu wako unahitajika sana kule."

Alipotaja ni wapi, nilicheka. Ilikuwa ile ile, shule ya mwendo wa kutwa nzima, ile waliyotaka kumpeleka yeye. Nafasi ilishafunguliwa na lazima mtu akaizibe. Na ukifikiri vizuri, mkaguzi hakuwa na njia nyingine. Angemfelisha mkwe wangu kwa kosa gani? Kosa lilikuwa lao wote wawili, na yeye alishaliandika kwa wino kwamba ni maarifa. Kumwadhibu aliyelifanya ni kujiadhibu mwenyewe. Ilikuwa rahisi kumwadhibu aliyelionyesha.

"Ungetumia busara," mwalimu mkuu akasema.

"Ipi? Ya kuinamisha kichwa?"

Akafungua dirisha tena.

Jioni mkwe wangu alikuja mlangoni kwangu. Alisimama mpaka nilipomwambia akae, akakaa kwenye ncha ya kiti, akavishika vidole vyake. Binti yangu alikuwa nyuma yake, macho mekundu, nadhani kwa furaha na kwa uchungu vimechanganyika, na hakujua alie kwa kipi. Mkwe wangu akaviachia vidole.

"Mama," akasema, "nimeumia sana. Ningejua yatafika huku..."

"Ungejua ungefanya nini, mwanangu?"

Akafikiri kwa bidii, masikini, akafikiri kwa moyo wake wote.

"Ningepigilia misumari vizuri."

Nikamuuliza kama amekula.

Chiriku ndiye aliyenisaidia kufunga mizigo. Hakusema mengi, na nyumba nzima ilijua hiyo ni dalili ya ugonjwa. Tulipokuwa tunafunga sufuria kwenye magazeti akauliza bila kuniangalia, "Bibi, ungenyamaza ungebaki?"

"Ningebaki."

Akazungusha gazeti kwenye mfuniko. "Na mimi ningebaki?"

"Nawe ungebaki."

Akaendelea kufunga. "Ulivyoitafuna ile peremende," akasema baadaye, "nilijua unakuja."

Nikajifanya natafuta kamba. Watu husema mtu mzima halii mbele ya mtoto, na waliosema hivyo hawajawahi kumfungia mjukuu wao mlango wa jiko. Niliumia na bado naumia, wala sitaki mtu aniambie kwamba nilifanya vyema. Ningefurahi zaidi kukaa pale nikimenya viazi.

Siku ya mwisho nilikwenda kuchukua vitu vyangu darasani. B walikuwa nje kwenye mazoezi ya viungo, chumba kitupu, madawati yamenyooka jinsi nilivyowazoesha. Nikakusanya chaki zangu, bikari ya mbao na kipimapembe kikubwa cha ubaoni. Nani wa kuwekwa badala yangu, walikuwa hawajaamua. Watampata mwenye kinanda kingine, nikajiambia, wako wengi.

Upande wa A palikuwa kimya, na A haijawahi kuwa kimya bila mimi kugonga. Nikasimama, nikasikiliza. Kisha ikapita juu ya plaiwudi sauti ninayoijua kuliko jina langu. Ilikuwa karatasi inachanwa. Ikachanwa nyingine, na nyingine, darasa zima wanachana karatasi. Ikafuata ile sauti ndogo ya kucha ikipita juu ya mkunjo, mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Mtoto mmoja akasema, "Ya kwangu imepinda," na sauti ya Chiriku ikasema, "Haijalishi ikichanika vibaya, kunja juu ya mkunjo." Mkwe wangu akasema, "Kunja juu ya mkunjo, sikilizeni anavyosema." Viti vikaburuzwa. Vitu vya mbao vikagonga meza, vinashushwa, vinapitishwa mikononi. Yale maumbo yalikuwa yameshuka ukutani.

Halafu, ilibidi, akabonyeza kinanda.

Wimbo ulikuwa mpya. Ulikuwa unasema mraba ni mraba, ukikaa ni mraba, ukisimama ni mraba, ukilala ubavu ni mraba, ewaa. Ulikuwa mbaya. Mstari wa mwisho ulikuwa na maneno mengi kuliko pumzi, na waliufikia wakiwa wamechoka, na ile filimbi ilikuwa inalia kama mlango usiotiwa mafuta. Lakini hapakuwa na kosa hata moja ndani yake. Nikautafuta tangu mwanzo hadi mwisho, kosa sikulipata.

Nikabeba sanduku, nikaweka rula juu yake. Nilipogeuka kutoka, ncha ya rula ikagonga plaiwudi. Ko.

Wimbo ukakatika papo hapo. Kinanda kikazimwa. Watoto wote wakanyamaza, na mkwe wangu akanyamaza, upande ule wote ukawa unangoja kusikia wamekosea nini. Nikaweka mdomo karibu na mbao.

"Endeleeni," nikasema.

Hawakuelewa. Hawajawahi kulisikia neno hilo likitoka kwangu. Ikabidi nilirudie, na mara ya pili sauti haikuwa nzuri sana.

"Endeleeni."

Wakaendelea, nami nikatoka na sanduku langu wakati wapo kwenye ule mstari wa mwisho, wote wameishiwa pumzi.